Bibi Akae Siti ya Mbele

BARUA ZA NJIANI
Maswali ya wasomaji yakijibiwa na dereva mstaafu wa watalii

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma na tuna watoto wawili, wa darasa la sita na la tatu. Desemba shule zikifungwa tunataka kwenda kaskazini na gari letu, Noah, tukaone wanyama. Lakini sitaki watoto warudi wamehesabu simba tu. Nataka wakae na watu wa huko, wajue wanaishije. Mama yangu, Mgogo wa Mvumi, ameshavuka miaka sabini na anatamani kuja. Mume wangu anasema safari itamchosha na tutachelewa kila tunakokwenda. Tupite wapi, na Mama tumfanyeje?
*Mama Wawili, Dodoma*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama yako, maana hapo ndipo safari yenu itakaponoga au kuharibika. Mchukueni, na akae siti ya mbele. Sisemi hivyo kwa kumhurumia. Miaka yote niliyoendesha wageni kutoka Arusha, waliokaribishwa ndani hasa, wakaonyeshwa ghala na kupewa maziwa ya mgando ambayo hakuna aliyeyadai bei, wengi walikuwa wamefuatana na mtu mzima. Mzee akishuka garini, mwenye mji anatafuta kigoda kwanza, maswali baadaye.

Niliwahi kumpeleka mama mmoja wa Singida kwa jirani zetu Rhotia, huko Karatu nilikozaliwa. Hakujua hata neno moja la Kiiraqw. Aliona jiwe la kusagia limeegemezwa ukutani, akauliza ni la mtama au la ulezi. Mama mwenye nyumba hakujibu. Alichota konzi ya mtama, akapiga magoti penye jiwe, akaanza kusaga, na yule mgeni akakunja kanga akapokea zamu. Wanaume tulibaki nje mpaka chai ikapoa, wajukuu wakatumwa kuni. Hakuna mwongoza watalii, hata awe hodari vipi, anayeweza kukupangia asubuhi kama ile.

Kwa hiyo mwendo wenu uwe mwendo wake. Hapo nakushauri jambo ambalo mumeo huenda asilipende: Serengeti iacheni kwa safari nyingine. Ni kilomita za mraba 14,763, na kutoka Karatu mpaka Seronera barabara ina mawimbi yanayotikisa mgongo wa kijana, seuze wa mama yako. Desemba makundi ya nyumbu ndiyo kwanza yanateremka kwenye mbuga za kusini karibu na Ndutu. Kuzaa kwenyewe kunashamiri Februari. Mkijilazimisha mtaona mengi kupitia kioo cha gari, na watu mliotaka kukutana nao watabaki kuwa watu wa kupungiwa mkono.

Njia yenu ni nzuri kuliko ya watu wa Arusha, kwa sababu mnapita Kondoa. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, mwendo uliokuwa wa kutwa nzima ya vumbi umekuwa wa nusu siku. Ondokeni alfajiri. Mkishapita mji wa Kondoa mtafika Kolo, na hapo msipitilize. Ndipo ilipo ofisi ya mambo ya kale inayosimamia michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtapewa mwongozaji wa hapohapo. Kupanda mlimani kuna mawe na jua kali, kwa hiyo Mama anaweza kubaki ofisini akapumzika na kuongea na Warangi wa pale. Watoto wapande. Wataona watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, twiga na tembo, vyote kwa rangi nyekundu iliyofifia. Mwombeni mwongozaji awaeleze kuhusu Mungumi, mahali ambapo mpaka leo wako Warangi wanaopeleka sadaka kuombea mvua na wagonjwa. Mkiikuta sadaka, msiiguse.

Mlale Babati. Asubuhi, kabla ya chai, teremkeni ziwani, kwani Ziwa Babati lina viboko, na wavuvi watawaonyesha mahali pa kusimama msiwaudhi. Hakuna geti wala tiketi ya hifadhi, na watoto watamwona kiboko akiwa jirani wa watu, na mvuvi anayejua kiboko yupi mkorofi.

Kutoka Babati kwenda Tarangire mtapita Minjingu, kwenye kiwanda cha mbolea. Eneo hilo lote ni ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya tembo, nyumbu na pundamilia wanaohama kati ya Tarangire na Manyara, na vijiji vyake vimo kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge. Tafadhalini msiendeshe hapo giza likiingia. Mchana simameni mnywe chai kwa mama ntilie, muulizeni mkulima yeyote habari za tembo. Atawaambia jinsi wanavyokesha shambani wakipiga madebe, na jinsi wanavyopaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga na kuizungushia mahindi, maana tembo hapendi harufu hiyo. Ningependa watoto wako wayasikie hayo kabla ya kuvuka geti la hifadhi. Watamtazama tembo kwa macho mengine.

Tarangire yenyewe nitaisema kwa haki. Utukufu wake ni kiangazi, Julai hadi Oktoba, maji yanapobaki mtoni tu na makundi ya tembo yanashuka kunywa. Desemba vuli imeshanyesha na wanyama wengi wametawanyika. Hata hivyo tembo hamtawakosa, na mibuyu yake mama yako ataipenda, yeye mtu wa ubuyu. Msivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokolea, zinavuta mbung'o, na mbung'o wa Tarangire hawana utani. Noah itapita kwenye barabara kuu ndani ya hifadhi kama hakujanyesha usiku uliotangulia. Kama kumenyesha, ulizeni askari wa getini na mfuate atakachosema.

Habari za malipo ni fupi. Getini hawapokei pesa taslimu, mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu au benki. Bebeni vitambulisho vya Taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana ada ya Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, lakini lazima uthibitishe.

Mto wa Mbu mkae zaidi ya usiku mmoja. Watu wengi hupitia tu, wananunua ndizi nyekundu dirishani na kupandisha mlima. Mji ule umejengwa na maji ya mifereji. Watu walikuja kulima kutoka kila upande wa nchi, ndiyo maana utamkuta Mmakonde anachonga mpingo, Mchaga anapika mbege, na Mmaasai ameleta mbuzi, wote katika mwendo wa asubuhi moja. Ofisi yao ya utalii wa utamaduni ilianza miaka ya 1990 na vijana wake wanajua kazi. Watoto na baba yao watembee au wapande baiskeli kwenye mashamba ya migomba na mpunga. Mama mkodishieni bajaji imfuate taratibu. Vyandarua ni lazima, jina la mji limeshawaambia.

Kutoka hapo mnapanda Karatu, na sasa nakupa siri ya upangaji wangu: kabla hujashika kalenda ya hifadhi, shika kalenda ya minada. Tembo yupo kila siku. Mnada wa Karatu kwa miaka mingi umekuwa tarehe 7 na 25 ya kila mwezi, na Desemba 25 ni Krismasi, kwa hiyo mimi ningelenga tarehe 7 na kupanga kila kitu kingine kuizunguka; kama shule zitakuwa hazijafungwa, mwenye nyumba yenu ya wageni Karatu atawaambia mnada mwingine ulio karibu. Mtawaona Wairaqw, Wadatoga na Wamaasai wakishindana bei ya ng'ombe kwa kunong'onezana, mitumba imetandazwa chini, nyama inachomwa kwenye vijiti vilivyochomekwa kuzunguka moto. Watu hawa hawako pale kwa ajili yenu, na hapo ndipo raha ilipo. Nunueni, kuleni, salimianeni.

Ngorongoro nendeni siku moja, na kwa hiyo siku moja liacheni Noah Karatu. Kushuka kreta kunatakiwa gari linalovuta magurudumu yote manne, na gari nalo lina ada yake ya kushuka mbali na ada za watu. Kodini Land Cruiser yenye paa la kufunguka, na sharti liwe lile lile: Bibi mbele, karibu na dereva. Bebeni sweta nzito, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,000 na asubuhi ukungu unauma. Kama Mama ana presha, amwone daktari kabla ya safari na dawa zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti. Mwambie wa darasa la tatu asitafute twiga mle chini, hawashuki. Atakuwa ameshawaona Tarangire. Atafute faru. Chakula cha mchana pale Ngoitokitok kulieni ndani ya gari, mwewe wa pale wanamnyang'anya mtu kipapatio mkononi.

Kuhusu maboma ya Wamaasai ndani ya Ngorongoro, nendeni kama mnataka, lakini fahamuni kwamba tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni, na kwa waliohama na waliobaki hili ni jambo zito. Msiwahoji. Wakilisema wenyewe, sikilizeni. Na wafundisheni watoto kuinamisha kichwa mbele ya mzee wa Kimaasai ili awaguse utosini. Ndiyo shikamoo yao, na wazee hufurahi mno mtoto wa mbali akiijua.

Swali: Mzee, hongera kwa safu yako. Nafundisha historia sekondari hapa Morogoro. Nimeona video nyingi za wageni wakikimbia nyuma ya Wahadzabe wanaowinda, na roho huniuma. Je, kwenda Eyasi si kuwageuza binadamu wenzetu maonyesho? Na pesa nitakayolipa inamfikia nani?
*Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, mimi pia roho imeniuma kwa baadhi ya niliyoyaona kule, na bado nakuambia nenda. Nenda kwa sababu unafundisha historia. Wahadzabe ni watu 1,000 na ushei, lugha yao haijapatiwa ndugu popote, na wanafunzi wako wengi wanadhani ni watu wa zamani za mawe waliosahaulika porini. Sivyo. Ni raia wenye mgogoro wa ardhi kama wa vijiji vingine, ila wao waliubeba bila kelele. Vitunguu vya Mang'ola unavyovinunua Morogoro vimelimwa kwa maji ya chemchemi zilizo katika nchi waliyokuwa wakiwinda, na mifugo imeingia kwenye mizizi na matunda yao. Mwaka 2011 wenzao wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja, kama jamii, si mtu mmoja mmoja. Sasa wanalinda msitu wao na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yake. Somo hilo lingewafaa kidato cha pili kuliko picha ya mtu na upinde.

Sasa namna ya kwenda. Kutoka Karatu unateremka kama kilomita 50 mpaka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Barabara ni mbaya, na mvua ikinyesha makorongo hukata njia, kwa hiyo uliza madereva wa mabasi pale stendi ya Karatu kabla hujashuka. Nenda moja kwa moja Ghorofani kwenye ofisi ya utalii wa utamaduni. Lipa pale, chukua risiti, upewe mkalimani wa hapo. Usikubali kijana wa pikipiki anayekwambia atakupitisha kwa bei nafuu. Kisha muulize mkalimani, mbele ya watu wa kambi, fungu lao ni lipi na wanalipokea vipi. Mimi napendelea sehemu yake iwe unga, maharage, au ada ya mtoto aliye bwenini. Pesa taslimu ikimwagwa kambini jioni, pombe huifuata kwa bodaboda usiku huohuo. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na linanikera kuliko jambo lolote katika kazi yetu.

Usiende kuwinda. Kila mtu anaenda kuwinda, alfajiri watu kumi wenye viatu vikubwa wanakanyaga majani nyuma ya vijana wawili, mnyama gani atasubiri? Omba kwenda na kina mama kuchimba mizizi. Wanaenda na fimbo ngumu iliyochongwa ncha na kukaushwa kwa moto. Mama anagonga ardhi kwa kitako cha fimbo, anasikiliza, anasogea hatua, anagonga tena. Sauti ikibadilika anakaa chini na kuanza kuchimba kati ya mawe, mtoto mgongoni, huku wanachekana. Mizizi inachomwa hapohapo dakika chache, inamenywa, unatafuna utamu wake na kutema nyuzi. Ni chakula chao cha kila siku, kinacholisha kambi siku ambazo wawindaji wamerudi mikono mitupu, na wageni wengi huondoka bila kujua hata kwamba kipo.

Ukibahatika msimu wa asali utaona mbuyu uliopigiliwa vigingi vya mti kutoka chini hadi juu, ngazi ya mtu mmoja. Mlembe, yule ndege mdogo, huita, mwindaji humjibu kwa mluzi, wanafuatana mpaka kwenye mzinga. Mtu hula asali, ndege hula nta na buu.

Halafu, Mwalimu, usiondoke bila kumtembelea mhunzi wa Kidatoga, maana bila yeye hujauona uchumi wa pale. Anakaa chini ya kibanda, mkewe au kijana anapuliza mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, kulia, kushoto, bila kupoteza mwendo. Kwenye moto kuna kopo limejaa vitasa vibovu na koki za maji zilizokufa. Vikiyeyuka anamimina kwenye kalibu, na baada ya muda mfupi anaupinda ule mche wa shaba kuwa bangili kwa nyundo nyepesi nyepesi. Msumari mkubwa anaufanya ncha ya mshale. Ncha hizo huenda kwa Wahadzabe, na asali hurudi kwa Wadatoga. Biashara hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya mtalii, na mtu akiniuliza kama wale ni maonyesho, humpeleka pale kwa mhunzi kwanza.

Mambo mawili tu nakuomba. Usimwombe mtu avue shati avae ngozi ili picha yako ipendeze. Na waite Wahadzabe, jina lao wenyewe. Yale majina mengine waliyopewa na majirani waachie majirani.

Swali: Habari Mzee. Sisi ni marafiki wanne kutoka Nakuru. Tunapanga kuzuru Maasai Mara mwezi wa Agosti, kisha tuvuke moja kwa moja hadi Serengeti na gari letu. Kwenye ramani ni karibu sana. Tutapitia geti gani?
*Dereva wa Nakuru*

Jibu: Ndugu yangu, geti hilo halipo. Tanzania ilifunga mpaka mwaka 1977, na kivuko cha Bologonja hakijarudi kutumika. Nyumbu wanavuka Mto Mara bila pasi, ninyi hamwezi. Rudini mpaka Isebania, vukeni Sirari mkiwa na hati ya gari na bima inayofika Tanzania. Mtapita Tarime, na mkiifuata barabara kuu mtafika Bunda, kisha geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Kama raia wa Afrika Mashariki mtalipa ada kama yetu kwa watu, ila gari lenye namba za Kenya hutozwa kama gari la nje. Pigeni hesabu, mkiwa wanne huenda kukodi gari Bunda au Mwanza kukawa nafuu. Agosti makundi huwa kaskazini, kuelekea Kogatende, na kutoka Ndabaka ni mbali, kwa hiyo pangeni kulala hifadhini.

Na kwa kuwa mzunguko huu si hasara, geuzeni kidogo mwende Butiama. Kaburi la Mwalimu Nyerere liko pale nyumbani kwao, na makumbusho yake ni ya kutazamwa polepole. Yeye ndiye aliyetoa tamko la Arusha la Septemba 1961 la kulinda wanyamapori, nchi ikiwa bado haijapata hata uhuru. Mkiwa na siku ya ziada, endeleeni mpaka karibu na Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa. Ulizeni ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili yanayoshindana nani atavuta watazamaji wengi, moja likija na chatu, jingine na majembe yanayorushwa hewani kwa mpigo wa bugobogobo. Ombeni mapema, wachezaji ni wakulima wenye kazi zao.

Swali: Mzee shikamoo. Mwaka jana tulipita Karatu na Mang'ola, watoto wengi walitukimbilia barabarani wakiomba. Mwaka huu nibebe nini, pipi au madaftari?
*Baba Neema, Moshi*

Jibu: Marahaba. Usitupe chochote dirishani, hata daftari. Mtoto akipata leo, kesho hataenda shule, atasubiri gari, na madereva wenzangu wameshuhudia watoto wakiparamia barabara. Na ukikuta darasa linaloimba kila gari linapofika, katikati ya wiki, saa nne asubuhi, usishuke. Madaftari mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, ofisini, uandikiwe kwenye kitabu. Kama mwaka jana ulipiga picha za watu, hizo ndizo zawadi bora. Zichapishe Arusha kabla hujapanda Karatu, andika nyuma jina la kitongoji na la mwenye picha, na hata usipofika mwenyewe, mpe kondakta wa basi la Mang'ola. Atazifikisha, mradi umlipie soda.